Kyela isingoje kompyuta zake zivamiwe

Tangu 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft haitoi tena masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo iliouzindua mwaka 2015. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, na hapo ndipo hatari ilipo. Iwe kwenye steshenari ya Kyela mjini, kwa wakala wa forodha Kasumulu au kwa karani wa mizigo Itungi, mashine yenye mfumo huo inawaka asubuhi, inachapa na kuskani, na mwenyewe haoni kilichopungua.

Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutangaza mianya iliyogunduliwa na kuiziba. Windows 10 na Windows 11 zina sehemu nyingi zilezile ndani yake. Hivyo mwanya ukizibwa kwenye Windows 11, mwizi anajua pa kujaribu kwenye Windows 10 iliyoachwa wazi. Mwaka 2017 kirusi cha WannaCry kilipenya kwenye mwanya ambao dawa yake ilikuwa imetolewa 14 Machi. Waliochelewa kuiweka waliumia 12 Mei: mafaili yalifungwa katika nchi zipatazo 150, na hospitali za umma Uingereza zikaahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa.

Wilayani kwetu steshenari moja hupitisha vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, maombi ya ajira na ya mikopo ya wanafunzi, hata nywila ambazo mteja huandikiwa na mwenye duka. Flashi moja inazunguka mashine zote. Na mkulima wa kakao ambaye hajawahi kugusa kompyuta naye yumo, kwa kuwa jina lake, kilo zake na akaunti yake ya benki vimo kwenye mafaili ya ushirika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayeshika taarifa hizo azilinde.

Mafundi wanashauri kuhamia Windows 11. Ushauri ni sahihi kwa anayeweza, lakini mfumo huo unadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Kompyuta nyingi za mtumba zinazotufikia kutoka Kariakoo ni za kabla ya hapo.

Kwa wenye kompyuta hizo upo muda wa nyongeza wa masasisho ya usalama. Mtu binafsi mwenye toleo la 22H2 anaweza kujiandikisha, na muda uliotangazwa unaishia 13 Oktoba 2026. Analipa dola 30, zaidi ya shilingi 70,000, au halipi kitu akikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya Microsoft. Ajiandikishe leo. Hata hivyo, hatukubaliani na sharti hilo. Watumiaji wa Umoja wa Ulaya walipata nyongeza hiyo bure bila kulazimishwa kuhifadhi chochote huko, baada ya vyama vya watetezi wao kuibana kampuni. Wanatakiwa kuingia tu kwenye akaunti. Mtu wa Matema analipishwa kwa nini? Tume ya Ushindani iliulize swali hilo kwa maandishi, na iwashirikishe wenzake wa Afrika Mashariki.

Ofisi zina utaratibu wake: dola 61 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, kisha bei inaongezeka maradufu kila mwaka hadi Oktoba 2028. Anayejiunga mwaka wa pili hulipia na wa kwanza. Shule hutozwa dola 1 tu mwaka wa kwanza, hivyo hatuoni udhuru wa shule yoyote kukaa bila ulinzi.

Tunaitaka Halmashauri ya Kyela ihesabu kompyuta zake zote, za zahanati na za watendaji wa kata zikiwemo, itangaze ngapi bado ziko kwenye Windows 10, na itenge fedha za kuzilinda au kuzibadilisha. Isiyoweza kulindwa ichomolewe kwenye intaneti mpaka fedha zipatikane.