Mvunguni Kuna Sindano

Rafiki yangu huchomwa sindano kila Ijumaa ya pili, na anayemchoma ni yeye mwenyewe. Dozi ni mililita moja tu ya testosteroni, lakini imeyeyushwa kwenye mafuta, na mafuta hayana haraka. Juzi tulikuwa mezani na wasomaji wenzetu baada ya mjadala wa kitabu, akasema paja linamuuma. Mmoja akamjibu: "Si uliyataka mwenyewe? Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Watu wakacheka. Mimi pia nilitabasamu, na bado naona aibu.

Basi nina ugomvi na methali hiyo. Ainame, sawa. Lakini nani alisema akiinama lazima ajigonge kichwa kwenye mfumbati wa kitanda? Mwanamke anayechomwa sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi ameitaka pia, na akisema inauma hatumtolei methali.

Ugomvi mwingine ni na sisi watu wa vitabu. Tunapenda kubadili jinsia kukiwa sitiari: kuvuka mpaka, kuzaliwa upya, kipepeo (jamani, tumwache kipepeo apumzike). Fungua Conundrum ya Jan Morris ya mwaka 1974: homoni zake ni vidonge. Njoo kwa Testo Junkie ya Paul B. Preciado, ambayo kila mtu huitaja hata kama hajaimaliza: testosteroni yake ni jeli ya kupaka kwenye ngozi. Siwalaumu, waliandika walichotumia. Sisi wahakiki ndio tuliozoea kuusoma mwili huu bila sindano, tukadhani haipo.

Ipo. Dawa hizi huja kwenye mafuta ya ufuta, ya mbegu za pamba au ya nyonyo, na yakiingia kwenye msuli uliokazwa hubaki humo kama kokoto. Kuna testosteroni moja ya mililita 4, ya kalioni, ya kila baada ya wiki 10 hadi 14, ambayo maelekezo yake yanataka isukumwe kwa dakika mbili. Hebu hesabu dakika mbili ukiwa umelala kifudifudi.

Maumivu hayo hupungua, ukiambiwa jinsi. Rafiki yangu alijifunza kwa kuteseka kwanza. Sasa hukishika kichupa kiganjani mpaka kipate joto. Sindano ya kuvutia dawa siyo anayojichomea, maana ncha iliyotoboa mpira wa kichupa imeshakuwa butu. Husubiri spiriti ikauke. Huketi, mguu ukiwa umelegea, na husukuma polepole. Halafu kitambaa cha moto, kutembea hadi dukani, na wiki mbili baadaye paja la pili. Kuna pia utafiti wa Marekani wa mwaka 2017, wa wagonjwa 63: sindano fupi na nyembamba ya chini ya ngozi ilifikisha testosteroni kwenye kiwango kinachotakiwa, na waliohamia huko kutoka sindano ya msuli waliipenda zaidi. Ameusikia mwaka huu tu. Atamuuliza daktari.

Kwa nini hakuambiwa mapema? Muuguzi wa kwanza kumchoma, katika kliniki nisiyoitaja, alipomwona anakunja uso alimwambia: "Si unataka kuwa mwanaume? Vumilia." Hapo ndipo damu yangu ilichemka. Yule alikuwa amehamishia jando kliniki. Na hata jandoni unakuwa na wenzako wa rika, kuna nyimbo, kisu kinapita mara moja, kidonda kinapona, unarudi nyumbani. Sindano hii inarudi kila wiki mbili na hakuna anayekuimbia.

Aliyefundishwa kutolalamika hujifunza na kutosema. Mwaka jana alikaa siku nne na wekundu unaosambaa pajani, joto na homa, akidhani ndiyo yale yale ya kuvumilia. Lilikuwa jipu. Lilipasuliwa.

Kwa hiyo msiniletee tena uhakiki unaosifu "ujasiri" wa mwandishi aliyebadili jinsia bila kuuliza dawa iliingia wapi na kesho yake alipandaje ngazi.

Ijumaa hii ni zamu ya paja la kushoto. Ameniomba nilete chai ya tangawizi, nikae, na nisimpe moyo.