Wana hati?

Mwaka 2024 watu wa Uyombo, Kilifi, walipoandamana kupinga mtambo wa nyuklia na polisi wakawatawanya kwa nguvu, mjadala uligeuka mara moja kuwa wa sayansi. Mionzi, taka, samaki wa Watamu, msitu wa Arabuko-Sokoke. Yote ni ya kuulizwa. Lakini mimi mpenda historia ya mwambao nilikuwa nalisikiliza swali jingine, lililopita chini chini: wanaokaa pale wana hati?

Swali hilo lina umri. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa maili kumi, ule uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwenye madai ayapeleke, aonyeshe mipaka, apewe cheti. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Mjini watu walijua kuandika na walikuwa na jamaa ofisini, wakapeleka. Mmijikenda aliyelima shamba la ukoo, lisilokuwa na bwana mmoja, angeandikisha jina la nani? Na tusifichane: baadhi ya walioandikisha walikuwa babu zetu sisi tunaolalamika leo. Uhuru ulipokuja, ardhi ya Mfalme ikawa ya serikali, na watu wakaitwa maskuota palipo na makaburi ya wazee wao.

Kwa hivyo mradi mkubwa unapotua Pwani, ardhi huwa imeshaitwa tupu kabla ya yeyote kuulizwa.

Lamu ilionyesha kwamba mambo yanaweza kwenda kinyume. Mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, megawati 1,050, ulipewa leseni ya NEMA mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama ya rufaa za mazingira ikaifuta. Wengi wanakumbuka habari ya moshi. Mimi nakumbuka sababu: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na mikutano ya kujitambulisha iliyofanywa kabla ya utafiti wa athari haikutosha. Mwaka 1908 mwananchi ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba yupo. Safari hii mwekezaji ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba alimsikiliza.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya. Mvuvi hana hati ya bahari. Hajawahi kuwa nayo. Mahakama ilikubali hata hivyo kwamba kuna kitu chake kilichochukuliwa.

Wapo wanaoniambia, makaa na nyuklia sawa, lakini upepo na jua havina madhara. Waende Marsabit. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 na hautoi moshi hata kidogo. Mwaka 2021 mahakama ya ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi huo zilipatikana bila kufuata sheria. Wafugaji waliokuwa wakilisha pale hawakuulizwa kama inavyotakiwa. Usafi wa nishati ni jambo moja, usafi wa hati ni jingine.

Siku hizi ukitajwa mtambo wa nyuklia, jina linalosikika ni Siaya. Uyombo wamepata nafasi ya kupumua, na naogopa tutaitumia kushangilia tu. Katiba inasema ardhi ya jamii isiyosajiliwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ipo tangu 2016. Basi magavana wa Kilifi, Kwale, Tana River na Lamu watusomee barazani, kijiji kwa kijiji: ni ardhi gani wanayotushikia, mipaka yake iko wapi, na ipi inahesabiwa ya serikali kwa sababu tu mwaka 1908 hakuna aliyeandika jina.