Msanifu Majengo Hafunzwi kwa Daftari Tu

Kila mwaka wapo vijana wa Kericho na Bomet waendao kusomea usanifu majengo. Hapa kwetu tunacho Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka 2013, lakini wapendao somo hilo huliendea mbali: Nairobi, ambako lilianza kufundishwa mwaka 1956, au Juja. Mzazi huuza majani chai na ng'ombe, akalipa karo, akadhani amemaliza. Kumbe ndiyo kwanza mkoko ualike maua!

Mwanafunzi huyu ahitaji meza pana ya kuchorea, karatasi kubwa, kadibodi na gundi za kuundia mifano ya nyumba, na siku hizi kompyuta yenye nguvu. Mpwa wangu alichora mwaka mzima juu ya kitanda, kwani meza za chuo chake hazikuwatosha wote. Wenziwe wenye uwezo walijinunulia. Je, hapo tunapima akili ya kijana au mfuko wa babake?

Maoni yangu ni kwamba basari za kaunti zetu zihesabu vifaa pia, si karo peke yake. Tena maktaba ya umma mjini Kericho itengewe chumba chenye meza za kuchorea, na humo iwekwe michoro ya majengo ya nchi hii, ili vijana waitumie wakati wa likizo.

Mafunzo yenyewe yametuzunguka. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa mwaka 2015, hukalisha watu wapatao 1,500 chini ya matao ya zege yanayozidi kupanda kuelekea madhabahuni. Lilisanifiwa na kampuni ya John McAslan ya London. Viwanda vya majani chai, kama vile cha Litein na cha Kapkoros, huonyesha jinsi hewa inavyopitishwa ndani ya jengo ili majani yanyauke sawasawa. Na nyumba ya msonge ya Wakipsigis, kot, yaeleza jinsi wazee walivyoikabili mvua na baridi kwa miti, udongo na nyasi. Vyuo na vilete wanafunzi wayapime na kuyachora majengo haya.

Najua wako watakaosema kwamba hiyo ni anasa, maadamu zipo shule zisizo na madawati. Lakini ndugu msomaji, ni nani achoraye shule hizo? Madarasa yetu mengi yameezekwa mabati matupu. Mvua ya mawe ianzapo kupiga, kama ilivyo kawaida yake huku, mwalimu hunyamaza na watoto hukaa wakingoja ipite. Kijana aliyesoma katika darasa la namna hiyo hahitaji kuelezwa shida yake. Ahitaji meza ya kuichorea dawa.