Gundi na Mvua za Rungwe

Masika mmoja nilikuta huko Tukuyu mlango wa darasa ulioachana viungo, nao ulikuwa haujatimiza mwaka. Watu walimlaumu seremala. Kwa maoni yangu, lawama ni ya elimu yetu: twamfundisha kijana kukata ulimi na tundu, lakini hatumfundishi gundi ni kitu gani.

Gundi nyeupe ya karakana zetu ni vichembe vya plastiki vilivyotawanyika majini. Mbao zikiyanyonya maji hayo, vichembe huungana vikawa utando unaoshika nyuzi za mti. Kwa kiti cha sebuleni yatosha. Lakini utando wa gundi ya kawaida ukilowa hulainika, na ubao nao ukilowa huvimba na kuuvuta. Tena ubao mbichi haunyonyi maji ya gundi ipasavyo. Kiungo huzaliwa dhaifu. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hapo makosa hayo hayafichiki.

Vipimo vya Ulaya hupanga gundi za mbao za aina hiyo katika madaraja manne: D1 ni ya mahali pakavu, D4 ndiyo ivumiliayo maji kuliko zote. Alama hiyo hupatikana juu ya makopo mengi, ila anayenunua huuliza bei tu.

Wala tusidhani kwamba malighafi ya gundi bora lazima itoke ng'ambo. Njombe, katika Nyanda hizi za Juu Kusini, kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya miwati, ambayo magome yake hutoa tanini ya kutengenezea ngozi. Tanini hiyohiyo, ikichanganywa kiwandani na fomaldehaidi, hufanya gundi isiyoyeyuka majini. Afrika Kusini imeitumia kwa miongo mingi katika viwanda vya mbao.

Fomaldehaidi ni sumu, si ya kuchezewa darasani. Lakini jaribio lifuatalo halina hatari. Wanafunzi waunganishe jozi za vipande vya mbao, nyingine kavu na nyingine mbichi, kwa gundi mbalimbali. Wazibane kwa jiriwa, wazikaushe, waziloweke siku nzima, kisha wazivute na kuandika matokeo. Atakayefanya hivyo hatauza mlango utakaomwaibisha masika.