Marejeo ni Ngamani

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii wazee wetu wa pwani waliichukua chomboni, nasi aghalabu twaitumia kumsuta mtu aliyetoka akazunguka akashindwa, kisha akarudi mikono mitupu. Lakini ngamani si mahali pa aibu. Ndipo maji yanapokusanyika chomboni, na pasipokuwa na mtu wa kuyafua chombo huzama, hata nahodha awe nani.

Maneno haya yalitujia tulipokuwa Kitui, tukizungumza na bwana mmoja ambaye jina lake tunalihifadhi, kwa kuwa hakutuomba tumtangaze. Alianza kazi ya maji akiwa kijana, fundi wa pampu, na kwa miaka mingi hapakuwa na kisima cha mashine katika sehemu zile ambacho mkono wake haukukigusa. Kwa sababu alikuwa hodari, alipandishwa. Akawa msimamizi wa mafundi, kisha msimamizi wa wasimamizi, na mwisho akapewa chumba chenye zulia, dereva, na mezani faili zisizopungua. Kwa muda wa miaka tisa hakushika spana.

Siku moja pampu ya kijiji kimoja iliharibika. Akawatuma vijana, wakaenda, wakarudi na karatasi ya kuomba pampu mpya. Karatasi ikaanza safari yake ya kawaida, toka meza hii hadi meza ile. Wiki ya tatu akina mama wa kijiji kile walikuwa wamesharudia kufukua mchanga wa mto kwa vibuyu. Jumamosi moja bwana huyu akaenda mwenyewe, akavua shati, akaipandisha pampu juu bomba baada ya bomba, na akakuta kilichokufa ni kipande cha mpira kisichozidi kiganja. Alipokuwa akitusimulia alikuwa akitazama mikono yake. Alasiri ile maji yalitoka. Jumatatu akaandika barua ya kuomba arudishwe karakana.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, na ndipo sisi tunapotaka kusema.

Ofisini kwake palikuwa na fomu ya kupandishwa cheo, fomu ya kuhamishwa, fomu ya kustaafu na fomu ya kuadhibiwa. Fomu ya mtu anayetaka kushuka kwa hiari yake haikuwapo. Kushuka kulikuwa na njia moja tu, nayo ni adhabu. Basi barua yake ikakaa. Ilhali habari haikukaa, ilitembea. Watu wakaanza kuulizana sokoni ameiba nini. Shemeji zake wakaja jioni, wakaketi, wakanywa chai, na yule mkubwa wao akamwuliza kwa upole: “Shemeji, tuambie kweli, tuko nyumbani. Kuna pesa zimepotea?” Akajibu kwamba hakuna. “Basi umeugua?” Akajibu kwamba hajaugua. Shemeji akanyamaza, maana hakubakiwa na swali la tatu.

Tunamwelewa shemeji yule. Sisi sote tumelelewa hivyo. Cheo katika nchi zetu si cha mtu peke yake, ni cha ukoo mzima. Mtu akiwa bwana mkubwa, ndugu zake huketi mbele kwenye harambee, na binti zake huposwa kwa heshima nyingine. Akivaa tena ovaroli amewavua wote. Na tusijidanganye kwamba hii ni desturi ya Wakamba peke yao. Mombasa na Lamu ni vivyo hivyo, huenda zaidi, maana sisi hupenda kanzu iliyonyooka.

Lakini tutazame kazi yenyewe, kwa sababu katika Ukambani kazi ya maji si jambo la mezani. Kitui na Makueni ni nchi ya mito ya msimu. Mvua huja mara mbili, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, na wakulima wa huko huitegemea zaidi hii ya pili. Inaponyesha, mto hushuka kwa kishindo siku mbili tatu, kisha hubaki mchanga mtupu. Maarifa ya huko ni kujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto, ili mchanga ujae nyuma yake msimu baada ya msimu, na maji yajifiche ndani ya mchanga. Robo ya mchanga ule au zaidi huweza kuwa maji. Jua haliyafikii, ng'ombe hawayachafui, na mchanga wenyewe ni chujio. Shirika la SASOL la Kitui lilianza kujenga kuta hizi na wanakijiji kati ya miaka ya 1990, na zimepita 500.

Sasa ukuta kama huo waweza kuonekana rahisi, nao si rahisi. Usipofika kwenye mwamba, maji yatapita chini yake. Mabawa yake yakiwa mafupi, mto utauzunguka na kula ukingo, na mwaka ujao ukuta utasimama peke yake kama mlango usio na nyumba. Kwa hiyo kabla ya jiwe la kwanza lazima apatikane mtu wa kutembea mtoni na chuma kirefu, akichoma mchanga hatua kwa hatua, akisikiliza kwa kiganja kama amegonga mwamba au jiwe lililolala tu. Maarifa hayo hayaandikwi vizuri kwenye faili. Hukaa mkononi, na mkono usiotumika husahau.

Na wenyeji wanajua thamani ya mikono. Kazi kubwa za Ukambani zilifanywa na mwethya, yaani vikundi vya ujima ambavyo mwenyekiti wake hushika jembe kama wengine. Matuta ya kuzuia udongo ambayo vitabu vya wataalamu wa Ulaya na Marekani huyaita hata leo kwa Kiswahili, fanya juu, yalienea kutoka huko Machakos, wakati Makueni ingali sehemu ya wilaya hiyo. Mtu huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, ndiyo maana ya jina. Ni jina alilolitoa mtu aliyekuwa na koleo, wala si mtu aliyekuwa akimtazama mwenye koleo.

Msomaji wa pwani asiseme haya ni mambo ya bara. Mto Athi upitao kati ya Makueni na Kitui ndio huohuo tunaouita Galana ukishuka Tsavo, na Sabaki ukifika kwetu, na hutoka baharini kaskazini ya Malindi. Visima vya Baricho, vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi hata Mombasa, vimechimbwa kando ya mto huo. Tunakunywa maji yaliyopita mlangoni kwao. Wala hatukosi mafunzo ya nyumbani. Kule Kwale katika miaka ya 1980 ilijaribiwa pampu ya mkono iitwayo Afridev, na iliundwa makusudi ili akina mama wa kijiji waweze kuifungua na kuitengeneza wenyewe kwa spana moja. Waliobuni pampu ile waliona mapema kwamba chombo kinachomngoja bwana wa mbali kitakufa. Ajabu ni kuwa ofisi zetu zimeundwa kinyume cha pampu ile: kila anayejua kuifungua huondolewa karibu nayo.

Tazama shuleni. Mwalimu hodari wa hesabu hupewa ukuu wa shule, na tangu siku hiyo hesabu zake ni za magunia ya mahindi na maharagwe. Tazama hospitali. Muuguzi mwenye mkono mwepesi wa kuutafuta mshipa wa mtoto mchanga hufanywa mkubwa wa zamu, halafu mkubwa wa wakubwa, na mtoto mchanga huachiwa mwanafunzi. Hatusemi walimu wakuu na wakubwa wa wauguzi si kitu. Tunasema ngazi ni moja tu, na kila anayetaka nyongeza ya mshahara lazima aipande, hata kama juu hakuna anachokijua.

Kwingineko wamelitambua jambo hili. Kampuni ya IBM ya Marekani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, imeweka cheo cha juu kabisa kwa wahandisi na wataalamu wake, ambacho mwenye kukipata halazimiki kusimamia watu. Huendelea na utafiti wake, na mshahara na heshima humfuata hukohuko. Kwetu sisi hata hatuhitaji kwenda Marekani. Huko Matondoni, Lamu, fundi mkuu wa majahazi hashushwi hadhi kwa kushika tezo. Na wasomaji wetu wanajua kwamba Nabii Daudi, pamoja na ufalme wake, alikuwa akifua deraya na kula katika kazi ya mikono yake. Wanajua pia habari ya Khalid bin Walid, ambaye Khalifa Omar alipotawala mwaka 634 alimvua uamiri wa jeshi la Sham na kumpa Abu Ubaida. Khalid hakurudi kwake kununa. Alibaki jeshini chini ya mkubwa mpya, na mwaka 636 alikuwa Yarmuk, akipigana. Yeye aliondolewa, hakuomba. Lakini hatujasikia kwamba Waislamu humkumbuka kama mtu aliyeshuka.

Tusiwe wepesi pia. Kuna anayekimbia ofisi kwa sababu ameivuruga, akaiita toba. Kuna anayechoshwa na kugombanisha watu, akafikiri spana haigombi, kumbe nayo hugomba. Na ofisi yahitaji mtu: pasipo mtu wa kuagiza mipira ile midogo mapema, fundi bora duniani atasimama kisimani mikono kiunoni. Tulimwuliza bwana wetu hayo. Alikiri kuwa alikuwa mkubwa wa wastani, si mbaya wala si mzuri, na kwamba palikuwa na kijana mmoja mwanamke katika ofisi hiyo aliyejua hesabu za ghala na kusema na watu kuliko yeye. “Yule akikaa pale na mimi nikakaa karakana,” alisema, “kuna wawili wanaofanya kazi. Nikikaa mimi pale, hakuna hata mmoja.”

Jambo lililotuuma zaidi ni la mshahara. Alijua kuwa akirudi chini angepoteza sehemu kubwa ya marupurupu yake, naye alikuwa na mtoto chuoni. Alikaa na mkewe usiku wakapiga hesabu kwenye daftari la shule. Wakauza mbuzi kadhaa. Mama watoto, alivyotuambia mwenyewe, hakupinga, ila alimwomba jambo moja: awaambie shemeji zake yeye mwenyewe, asimwachie yeye. Hapo tunasema waziwazi, si haki. Mtu asiadhibiwe mfukoni kwa kutaka kufanya kazi anayoijua kuliko wote. Na watu wasije wakayachukua maneno yetu ya kusifu mafundi wakayafanya kisingizio cha kuwalipa mafundi sifa. Fundi aliyekaa miaka 30 na pampu anastahili kulipwa kama mkubwa aliyekaa miaka 30 na faili.

Tangu mwaka 2013 kazi ya kuwapelekea wananchi maji imekuwa mikononi mwa kaunti. Kitui inayo Bodi yake ya Utumishi wa Umma, na Makueni inayo yake. Mto Thwake unapoingia Athi, mpakani mwa kaunti hizi mbili, mwaka 2018 ulianza ujenzi wa bwawa lenye ukuta wa kimo cha mita 80. Bwawa kama lile litahitaji mabomba, na mabomba yatahitaji milango, na milango itahitaji mikono inayoijua kwa miaka mingi ijayo. Bodi hizo mbili zingeweza kuanza leo na jambo dogo: kuweka daraja la fundi mkuu, lenye mshahara wa mkuu wa idara, ambalo mtu hulifikia kwa kazi ya mikono na kwa vijana aliowafundisha, na kuweka ile fomu inayokosekana, ya mtu anayeomba kurudi karakana bila kutiwa doa katika faili lake. Kaunti zetu za pwani zifanye hivyo pia, maana mafundi wa Mombasa na Kwale nao wanaozea mezani.

Barua ya bwana wetu ilijibiwa baada ya miezi minane. Walimkubalia, kwa maneno makavu, na wakaandika kwamba ni kwa ombi lake mwenyewe. Nakala ya barua hiyo ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki, na huitoa akiulizwa. Tulipomwona mara ya mwisho alikuwa katika mto mkavu, amechutama mbele ya vijana wanne, akiwaonyesha namna ya kukishika kile chuma kirefu kwa vidole, si kwa ngumi. Mmoja wao alichoma mchanga akasema amefika mwamba. Mzee akaweka kiganja juu ya chuma, akatikisa kichwa, akamwambia asogee hatua mbili achome tena.