Gari Linalokunjika

Wako watu, na wazee wetu wamo, wasemao kwamba motokaa za zamani zilikuwa chuma kweli, na hizi za leo ni mabati tu, zikigongwa kidogo hukunjamana. Mimi nasema mabati hayo yana akili kuliko kile chuma.

Sisi wa somo la fizikia twafundishwa mambo mawili juu ya migongano. La kwanza, momenta, yaani tungamo mara mwendo pamoja na upande uelekeao, jumla yake baada ya kugongana ni ile ile ya kabla. La pili, nishati nayo haipotei, bali hubadilika sura. Gololi mbili zikigongana huachana na mwendo wao karibu wote. Mabonge mawili ya udongo mbichi hugandamana yakasimama. Nishati yao imekwisha kwa kuubonda udongo na kuupasha joto kidogo.

Sasa gari la kilo 1,500 likienda kilomita 64 kwa saa lina nishati ya jouli 237,000 hivi. Likikutana uso kwa uso na jingine la uzito na mwendo ule ule, jumla ya momenta ni sifuri, na yakishikamana yatasimama pale pale. Jouli zile hazina budi kwenda mahali. Je, zikunje boneti, au zivunje mifupa ya dereva?

Béla Barényi alipata hataza ya gari lenye ncha laini na chumba kigumu cha abiria mwaka 1952. Mwaka 2009, huko Marekani, Chevrolet Bel Air ya 1959 iligonganishwa kwa majaribio na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikienda kilomita 64 kwa saa. Chumba cha ile kuukuu kiliporomokea sanamu iliyowekwa mahali pa dereva, mtu asingalipona. (Ni haki kusema pia kwamba haikuwa na mikanda ya viti.) Malibu pua ilisagika, chumba kikabaki, dereva angalitoka na jeraha dogo la mguu.

Kwa hiyo sielewi kwa nini mtu anunue gari la namna hii, kisha amwendee fundi amchomelee mabomba mazito mbele, eti kulilinda. Katika mgongano mdogo hulinda taa, kweli. Katika mkubwa huweza kuizuia pua isikunjike ilivyokusudiwa, na mwenda kwa miguu akigongwa hupigwa na chuma kitupu. Ningependa mabomba hayo yang'olewe kabla ya likizo, hasa katika magari yachukuayo wanafunzi.