Tuuweke Kando Mchoro wa Simu

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesoma Stadi za Mawasiliano hukutana mapema na mchoro: mtumaji, njia, mpokeaji, na kelele katikati. Huukariri, akauchora kwenye mtihani, akapata alama zake. Ni nadra kuambiwa kwamba asili yake ni makala ya mwaka 1948 ya Claude Shannon, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell, Marekani, na aliyetaka kujua njia ya simu inaweza kubeba taarifa kiasi gani. Shannon alitamka waziwazi kuwa maana ya ujumbe haihusiani na tatizo lake la kihandisi. Nasi tumeufanya mchoro huo mlango wa kuingilia kozi ambayo haina kazi nyingine ila maana!

Kiingereza nacho kina historia yake katika kozi hii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha stadi hizi miaka ya 1970, kwa sababu vijana waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili walikuwa wakikwama kwenye vitabu vya chuo. Mwaka 1984 ripoti ya watafiti Criper na Dodd ikaonyesha jinsi Kiingereza cha shuleni Tanzania kilivyozorota. Kozi ikalelewa kama zahanati ya sarufi, na katika vyuo vingi bado ni hivyo. Sipingi tiba hiyo. Napinga kuiita mawasiliano.

Zoezi la mawasiliano lingekuwa hivi. Chukua tangazo la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, lenye masharti, tarehe na viambatisho vyake. Mpe mwanafunzi kazi tatu. Amweleze mzazi wake kwa simu, kwa Kiswahili cha nyumbani, nini kinatakiwa na kwa nini barua ya mtendaji wa kijiji haitoshi. Aandike barua ya rufaa kwa Kiingereza. Kisha aupime ujumbe wa WhatsApp unaodai muda umeongezwa: umetoka wapi, nani anafaidika ukiaminika? Hapo atagundua kuwa mzazi aliyejibu “sawa mwanangu” hakuelewa kitu, na itambidi aanze upya. Kuanza upya huko ndiko kunakostahili alama; rasimu ya pili ihesabiwe kuliko ya kwanza.

Mwalimu mwenye darasa la mia nne atauliza nani atasahihisha. Ana haki. Jibu langu ni kupunguza: nusu ya mada zilizomo kwenye mihtasari zinaweza kuondoka bila mtu kuzililia, na semina za watu ishirini zikaongozwa na wanafunzi wa uzamili (walipwe, tafadhali, si kupewa cheti cha shukrani). Mtihani wa kuchagua jibu upungue kwanza, maana husahihishwa upesi kwa kuwa hauulizi mengi.

Waandishi wa makala za toleo hili ninalolihariri wanavutana kuhusu lugha ya kufundishia kozi yenyewe. Sikuwapatanisha. Nimewaomba tu kila mmoja aambatanishe zoezi moja ambalo mwalimu anaweza kulitumia Jumatatu asubuhi.